Niliulea, Lakini Haukukua: Mhadhara Kuhusu Visawe vya "Kukuza"

Mhadhara huu ulitolewa Tabora mjini mbele ya wanachuo wa ualimu, maafisa ugani na wananchi wengine waliofika. Umeandikwa kama ulivyosemwa, pamoja na maswali ya mwisho.

Shikamooni wazee. Wanachuo, hamjambo. Maafisa ugani mliokaa huko nyuma karibu na mlango nawaona. Msitoroke kabla hatujafika kwenye kitalu cha tumbaku, maana pale nitawahitaji.

Tangazo la nje linasema nitazungumzia visawe vya kitenzi "kukuza". Aliyeliandika, nadhani, alitaka orodha. Haya, orodha hii hapa, niisome haraka tumalizane nayo: kukuza, kulea, kutunza, kustawisha, kunawirisha, kuotesha, kurutubisha, kuneemesha, kuatika, kupalilia, kufuga, kuendeleza, kuimarisha, kuwezesha, kuchochea, kuhimiza, kuhamasisha, kutia moyo, kutia shime. Swali la mtihani likisema "taja visawe vitano", chota vitano vyovyote humo, maksi zako utapata. Mambo ya mtihani yameishia hapo.

Sasa tuje kwenye lugha yenyewe. Kisawe, kwa maelezo ya vitabuni, ni neno linaloweza kukaa mahali pa jingine na maana isibadilike. Chukua sentensi hii: "Bibi amemlea mjukuu wake." Ondoa "amemlea", weka "amemfuga". Ukoo mzima utakuja juu. Weka "amemkuza". Hapo watu watanyamaza, wengine watakubali. Weka "amemwendeleza". Basi bibi amegeuka wizara. (Kicheko.)

Vitenzi hivi vyote vinahusu kukua, hilo sibishi. Lakini kila kimoja kina jibu lake kwa swali moja: kazi ya kukua inafanywa na nani? Viko vinavyosema kazi hiyo naifanya mimi, kile kitu kinafanyiwa tu. Viko vingine vinavyosema kazi yangu ni ya pembeni, kukua atakua mwenyewe. Na sisi watu wa shuleni na ofisini tuna tabia moja: tunafanya kazi ya aina ya pili, halafu tunaiandika kwa vitenzi vya aina ya kwanza. Hilo ndilo lililonileta leo.

Kuna jaribio dogo la kuvitenganisha, mnaweza kulifanya hata mkiwa kwenye daladala. Chukua kitenzi, weka "lakini" baada yake, halafu kanusha matokeo.

"Nilimlea kwa mikono yangu, lakini hakuwa mtu." Sentensi hii kila mmoja wetu ameisikia, pengine ukutani kwa jirani. Haina kasoro hata moja. "Niliulea mche huu msimu mzima, lakini haukukua." Safi kabisa. Sasa sikilizeni: "Niliukuza mche huu, lakini haukukua." Mnaona mnavyotazamana? Ukiisema sokoni watakuuliza umeamkia wapi. Kadhalika huwezi kusema "nimeotesha mbegu, hazikuota". Utasema nimezipanda, hazikuota. Kupanda ni kwako, kuota ni kwa mbegu, na aliyesema ameotesha ameshatoa ahadi kwamba zimetoka.

Kwa hiyo kukuza kumebeba matokeo tumboni. Kulea kumebeba kazi tu.

Umbo la maneno yenyewe linatuonyesha. Nani hapa amelelewa na bibi Mnyamwezi? Mikono mingi. Kwa Kinyamwezi ni kukula, ndiko kukua huku. Na kulea ni kulela. Kiganda husema kulera, Kinyarwanda kurera, ni mzizi uleule wa Kibantu umetawanyika. Kiswahili kimeimeza ile sauti ya katikati kote kuwili, tukabaki na kua na lea. Lakini mnyambuliko una kumbukumbu kuliko sisi. Lala inatoa laza, pungua inatoa punguza, na kua inatoa kuza. Ile z ndiyo kauli ya kutendesha: kukuza ni kumfanya mwingine akue. Kulea hakuna kitu cha namna hiyo ndani yake. Hakukutoka kwenye kitenzi kingine, hakumfanyishi mtu lolote. Ni kazi yenye jina lake, kama kulima, kama kufua.

Chukueni mfano wa mji wetu huu. Tunapenda kusema Tabora ndiyo iliyomkuza Nyerere. Alifika Shule ya Tabora mwaka 1937 akitoka Butiama na Musoma, akasoma hapa mpaka alipokwenda Makerere mwaka 1943, kisha akarudi kufundisha St. Mary's, pale pale mjini. Watu wa Butiama wakitusikia tukisema "tulimkuza" wana haki ya kukasirika. Tukisema "tulimlea", hata wao watakubali, kwa kuwa kulea kunaruhusu walezi wengi. Mtoto mmoja anaweza kulelewa na mama, na shangazi, na bweni, na padri. Ndiyo sababu vyama na skauti huwa na mlezi, wala sijawahi kuona barua imeandikwa "kwa Mkuzaji wa Chama".

Sasa maafisa ugani, amkeni.

Mtu yeyote wa Urambo, Kaliua, Sikonge au Uyui anaijua kazi ya tumbaku kunizidi. Msimamo wangu kuhusu moshi wake wengi mnaujua, na sitauhubiri leo. Nakopa vitenzi vyake tu. Na nimeichagua kwa sababu sijui zao jingine la mkoa huu linalohitaji vitenzi vingi hivyo kabla halijafika shambani.

Mbegu ya tumbaku ni vumbi. Gramu moja ina mbegu zaidi ya 10,000. Huwezi kuichomeka moja moja kwa kidole. Mkulima anaichanganya na maji ndani ya keni ya kumwagilia, anapita juu ya tuta akinyunyiza, na kitendo hicho kina kitenzi chake: kusia. Haifukiwi. Mbegu hii inataka mwanga ili iote, ukiifukia umeizika. Juu yake zinatandazwa nyasi kavu, nyembamba, ili jua lisiichome na matone yasiikokote pembeni. Kuanzia hapo ni kumwagilia tu, kutwa, udongo wa juu usipate nafasi ya kukauka. Angalieni vitenzi tulivyokwisha kutumia: kuchanganya, kusia, kutandaza, kumwagilia. Hakuna hata kimoja kinachoahidi. Kuota hakujatajwa, maana bado ni siri ya mbegu na udongo.

Miche ikichomoza, nyasi zinaanza kupunguzwa, kidogo leo, kidogo keshokutwa. Palipobanana inang'olewa mingine ili iliyobaki ipumue. Halafu inakuja sehemu ambayo mgeni huwa haielewi. Siku za kuihamishia shambani zikikaribia, mwenye kitalu anabana maji. Makusudi. Nyasi zimekwisha kuondolewa, jua linapiga moja kwa moja, mchana miche inalegea kama imepigwa, jioni inajiinua. Hiyo inaitwa kukomaza miche. Mtu wa mjini akipita saa nane mchana atasema mwenye kitalu hiki mzembe, kaenda kilabuni. Lakini mche ulionyweshwa mpaka siku ya mwisho shina lake ni laini. Ufikishe shambani, mvua ichelewe kidogo tu, umekwisha. Uliokomazwa unasinyaa, unashika, unaendelea.

Naomba wanachuo mlione hili vizuri. Kunyima maji kumo ndani ya kulea. Kukomaza hakumo kwenye orodha yoyote ya visawe vya kukuza niliyowahi kuiona, na aliyewahi kuwa na kitalu atakwambia bila hicho vingine vyote ni bure.

Shambani sasa. Miche imepandikizwa kwenye matuta, imepaliliwa, imewekewa mbolea, imefika kimo. Mmea unataka kutoa ua. Hiyo ndiyo ndoto ya mmea wowote: itoke ua, litoke tunda, itoke mbegu. Mkulima anapita mstari kwa mstari akivunja vichwa vya maua. Mmea haukati tamaa, unajaribu njia nyingine, kwenye kwapa la kila jani linachungulia chipukizi. Anarudi, anayatoa nayo. Jioni mikono yake ina utomvu mweusi unaonata, sabuni inauzunguka tu. Chakula kilichokuwa kiende kwenye ua na mbegu sasa kinaishia kwenye jani. Jani linakuwa pana, linakuwa zito, ndilo litakaloingia kwenye bani la kukaushia, ndilo litakalopimwa.

Hapo niambieni, amekuza nini?

(Sauti kutoka kwa wasikilizaji: "Jani!")

Amekuza jani. Kitenzi kinakubali, na jaribio la "lakini" kinalipita: amekuza jani na jani limekua. Mmea wenyewe amekataza usifike ulikokuwa unakwenda. Simlaumu, hakupanda bustani ya maua, na chama chake cha msingi hakinunui maua. Ninachosema ni kwamba kitenzi kukuza hakikuulizi unakuza kwa faida ya nani. Ukikipa mtendwa, yaani kile kinachotendwa, kinameza chochote. Nendeni shuleni mkasome mbao za matangazo: "kukuza ufaulu". Ni sawa, ufaulu unakua. Yule mtoto wa darasa la sita anayechora ng'ombe kwenye jalada la daftari mpaka unadhani atalia, ameambiwa aache, kuchora hakumo kwenye mtihani wa taifa. Limevunjwa ua, jani limenenepa. Ukimwuliza mwalimu atasema anakuza taaluma, naye hadanganyi.

Sasa kupalilia. Hiki ndicho kitenzi ninachokipenda kuliko vyote kwenye ile orodha, na nitawaambia kwa nini. Mtu anasema, "Leo napalilia mahindi." Mtendwa kwenye sentensi ni mahindi. Sasa tazama jembe linapita wapi. Jembe haligusi mhindi hata mmoja. Likigusa, mwenye shamba atakufukuza. Linakata magugu, linavuta udongo shinani. Kazi yote inafanyika kando ya mtendwa, kwa ajili yake. Hata umbo lake linasema hivyo, lina ile kauli ya kutendea, ya kufanya jambo kwa ajili ya mwingine. Mhindi wenyewe haujui kama umepaliliwa. Unajua tu kwamba leo kuna nafasi.

Na kitenzi hicho hicho ndicho tunachokitumia kwa uovu. Kupalilia chuki. Kupalilia fitina. Wenzake je? Kulea uzembe. Kufuga ugonjwa. Kuchochea ugomvi. Tukitaka kumlaumu mtu kwa jambo baya lililokua mikononi mwake, hatusemi mara nyingi kwamba amelikuza. Kukuza jambo kuna maana nyingine: kulifanya kubwa kuliko lilivyo, kama tunavyomwambia mtu "usilikuze hili". Tunakwenda kuazima vitenzi vya kitalu na vya zizi.

Yule anayefuga ugonjwa hakuupanda. Hakwenda hospitali tu, alisema kesho, akasema keshokutwa, akanywa dawa nusu akaacha, ugonjwa ukapata makazi. Mwalimu mkuu anayelea utoro hakumfundisha mtoto yeyote kuruka ua wa shule. Alipita, akaona, akatazama pembeni. Wazee waliokitengeneza Kiswahili walijua kwamba kuna hatia ya namna hii: kutokusababisha jambo, lakini kulipa nafasi, maji na kivuli. Na walijua vilevile kwamba sifa ya mlezi mwema ni ileile, nafasi, maji na kivuli. Ndiyo maana vitenzi ni vilevile. Methali inasema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana; mimba inajikuza yenyewe tumboni, lakini mwana atakufanya uchague kila siku kipi ukipalilie na kipi ukiache kife.

Kufuga nako kuna vituko vyake. Tunafuga ng'ombe, tunafuga kuku, tunafuga kucha, tunafuga ndevu. Kufuga ndevu kuna kazi gani? Ni kuweka wembe chini. Wengine wanafuga majini, hao siwatetei. Na hapa kwetu tunafuga nyuki, jambo ambalo ukilifikiria linachekesha, kwa sababu yule anayeitwa mfugaji hakuwaleta nyuki, hajui majina yao, hawalishi. Ametundika mzinga kwenye mti wa mtundu porini, akaondoka. Nyuki wakipapenda wanahamia, wasipopapenda mzinga unabaki wa mijusi. Mzinga wa asili ni wa gome, na mti uliobanduliwa gome kuzunguka shina lote unakufa, kwa hiyo watu wa nyuki sasa wanahimiza mizinga ya mbao. Hapo kufuga nyuki kulikuwa kunaua miti ambayo nyuki wenyewe wanaitegemea.

Lakini ndani ya mzinga kuna malezi ya kweli. Kila yai la nyuki jike lina uwezo wa kuwa kibarua au malkia. Yai ni lile lile. Vibarua wachanga ndio walezi. Vichwani mwao kuna tezi zinazotoa maziwa ya nyuki, wanayaweka kwenye chumba cha jana, yaani mtoto wa nyuki aliyetoka kwenye yai. Majana yote hupewa maziwa hayo siku chache za mwanzo. Wengi wakishapita hapo wanahamishiwa kwenye mchanganyiko wa asali na chavua, nao wanatoka vibarua baada ya wiki kama tatu. Jana lililochaguliwa liwe malkia linaendelea kulishwa maziwa tu, kwenye chumba kipana kinachoning'inia, na linatoka mapema zaidi, siku kama 16, likiwa na mwili mrefu na uwezo wa kutaga. Tofauti yote hiyo imeletwa na chakula na chumba. Kama kuna mahali ambapo kulea na kukuza vimekutana vikawa kitu kimoja ni hapo, na hao walezi hawana hata kauli ya kutendesha.

Nikirudi kwa binadamu, ofisini hatuna subira ya nyuki. Vitenzi vya ofisini ni vinne au vitano, na vimechoka. Kuwezesha, kwa mfano, lilikuwa neno zuri: kumpa mtu uwezo. Leo kijana akikwambia "bosi, niwezeshe", anataka elfu mbili. Kuendeleza limetoka kwenye kwenda, likapita kuendelea, ni neno la safari; na nyie walimu mnajua kwamba kuendeleza maneno ni kuyaandika kwa herufi zake zinazotakiwa, kwa hiyo mtoto asiyeweza kuendeleza neno "maendeleo" amefeli mara mbili. Kuchochea lilianza jikoni: unasogeza kuni, moto unaruka. Kiongozi akisema tuchochee maendeleo anapigiwa makofi. Ukilichukua jina la kitendo hicho hicho, uchochezi, unalikuta kwenye hati ya mashtaka. Sijui kama kuna kitenzi kingine chenye bahati mbili za namna hiyo.

Na kuhamasisha! Jaribio letu la "lakini" likifika kwenye kuhamasisha linapata ajali. Kwa umbo ni kutendesha, lingetakiwa kuahidi. Lakini tumeshazoea kusikia kwamba wananchi walihamasishwa, ila hawakuhamasika. Sentensi hiyo inapita vikaoni bila mtu kukohoa. Kitenzi kilichotumika bila matokeo mara nyingi mno kinaanza kusahau kwamba kiliahidi kitu.

Mkoa huu una kumbukumbu kubwa ya kukuza kwa amri. Baada ya vita kuu ya pili Waingereza walikuja na mpango wa karanga. Walikuwa na upungufu wa mafuta ya kula kwao, wakaamua Tanganyika iwaoteshee, katika sehemu tatu: Kongwa, Nachingwea, na hapa kwetu Urambo. Lengo lilikuwa ekari zaidi ya milioni 3. Kazi ilianza mwaka 1947 kwa matrekta, mengine yakiwa mabaki ya vita, na visiki viliyavunja. Kongwa udongo ukikauka uligeuka saruji, karanga hazing'oki. Mvua haikusoma mpango. Mwaka 1951 uliachwa, zikiwa zimeteketea takriban pauni milioni 36. Waliokuwa na majembe ya mkono wangeulizwa kabla, wangesema mambo mawili matatu kuhusu udongo na kuhusu miaka ambayo mvua inakata mapema. Mpango ule ulijaa vitenzi vya kutendesha kuanzia ukurasa wa kwanza. Baadaye Urambo ikageukia tumbaku, ile inayoanza kwa kusia na kungoja.

Vile vya asili ya Kiarabu nitavipitia kwa mguu mmoja. Kustawi, kunawiri, kuneemeka, rutuba. Cha kuvutia ni kwamba tulivipokea kwanza katika hali ya mtu au kitu kuwa hivyo chenyewe: mgomba umestawi, uso umenawiri. Kunawiri ni ndugu wa nuru, ndiyo maana tunamwambia mtu aliyetoka likizo "umenawiri" na tunaangalia uso, hatuangalii tumbo. Kustawisha na kunawirisha vimekuja kwa kuongeza kiambishi, na vinasikika hivyo, vina harufu ya hotuba. Mwenye shamba atakwambia "mihogo imestawi mwaka huu". Hatasema "nimeistawisha mihogo" labda awe anagombea kitu.

Kutunza nimekiweka mwisho kwa sababu kina maana ambayo vijana mnaisahau. Kutunza si kuweka kabatini tu. Kwenye ngoma au taarabu, mwimbaji akikugusa unanyanyuka, unamfuata mpaka mbele na noti mkononi, unampa hadharani. Huko ni kumtunza. Wengine husema kumtuza. Kwa hiyo mkisema halmashauri yetu inatunza wasanii, swali la Kiswahili ni moja: nani alinyanyuka kwenye kiti, na alitoa shilingi ngapi?

Nimemaliza. Maswali.

Mwanachuo wa kike, safu ya tatu: Mwalimu, kufundisha je? Kuna -isha, lakini tunasema kila siku "nimefundisha, hawakuelewa". Jaribio lako limeshindwa?

Swali zuri, na nilikuwa naliogopa. Ni kweli, kufundisha kumevaa nguo ya kutendesha lakini hakuahidi kitu; kumekaa upande wa kulea. Nadhani ni kwa sababu upande wa pili kuna kujifunza, na kujifunza kuna ile ji-, mtu anajifanyia mwenyewe. Lugha imekubali kwamba mlango huo unafunguliwa kutoka ndani. Angalia tofauti ukisema "nimemfuzisha": hapo amefuzu, cheti anacho. Kwa hiyo usiangalie kiambishi peke yake. Weka "lakini", sikiliza sikio lako.

Mzee wa mbele, mwenye kofia: Mimi nataka kujua kuhusu kudekeza. Wajukuu zangu wananishinda, na mama yao anasema mimi ndiye ninayewaharibu.

(Kicheko kirefu.) Shikamoo mzee. Kudekeza kunatoka kwenye kudeka. Una z ya kutendesha hapo, kwa hiyo jaribio linakubana: ukidekeza, mtoto amedeka, hakuna "lakini". Ndicho kitenzi pekee katika familia hii ambacho babu hufanikiwa asilimia mia. Kina mwenzake, kuengaenga, kubeba kitu kwa uangalifu mno kama yai. Sikupingi. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, lakini methali hiyo waliambiwa wazazi, sina hakika kama babu alihusishwa. Kwa kitalu chetu, mzee, wewe ni maji, mama yao ndiye anayebana maji. Mkipatana ni wiki gani ya kumwagilia na wiki gani ya kukomaza, miche itafika shambani.

Afisa ugani: Mwalimu, umetusema sana watu wa taarifa. Mimi nikiandika "tumesia, tumepalilia", mkuu wangu ataniuliza: sawa, mmekuza nini?

Andika vyote viwili, kila kimoja kwa mwenyewe. Mliyofanya nyinyi yaandike kwa vitenzi vyenu, na ambayo mmea umefanya uyaandike kwa kitenzi cha mmea. "Tumesia matuta manane. Matano yameota."

Afisa ugani: Ataniuliza yale matatu.

Mwambie hayakuota. Na kama unajua sababu, iandike hapo hapo chini.